Harufu mbaya kwenye viti vya gari: Manukato huficha, hayatibu

Na Mwandishi Wetu

MAGARI yanapokwama katika foleni ya Barabara ya Msimbazi au ya Uhuru, eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam, wafanyabiashara wadogo hupita dirisha kwa dirisha wakiuza maji ya kunywa, chaja za simu na manukato ya gari. Manukato hayo hayakosi wanunuzi. Mwenye gari hutundika kipande kipya chini ya kioo cha kutazamia nyuma, hufunga madirisha, huwasha kiyoyozi na kuamini kwamba tatizo lake limekwisha.

Baada ya siku chache, harufu aliyotaka kuifukuza hurudi, safari hii ikiwa imechanganyika na ile ya maua au ya limau. Wengi hapo hununua manukato makali zaidi. Wanachofanya hakina tofauti na mtu kujipaka marashi kabla ya kuoga. Wakazi wa pwani, ambao wamejifukiza udi na ubani kwa karne nyingi, wanajua kwamba kinachotangulia ni maji na sabuni, kisha ndipo hufuata manukato.

Ukweli ni kwamba harufu mbaya ndani ya gari ni taarifa. Inaweza kuwa inasema kwamba maziwa yalimwagika wiki iliyopita, kwamba maji ya mvua yanapenya mahali, kwamba gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi liliwahi kuzama kwenye mafuriko, au kwamba petroli inavuja. Anayeizima taarifa hiyo kwa manukato bila kuisoma huweza kupoteza fedha zake, na wakati mwingine afya ya wale anaowabeba.

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha harufu, namna ya kukiondoa kwa vitu vinavyopatikana katika maduka ya kawaida, na dalili zinazomtaka mwenye gari aende kwa fundi badala ya kushika ndoo na brashi.

Kwa nini harufu hung'ang'ania

Kiti cha gari kina tabaka kadhaa. Juu kuna kitambaa au ngozi, chini yake kuna sponji nene yenye matundu madogo yasiyohesabika, na chini kabisa ni fremu ya chuma. Kimiminika kikimwagika hakibaki juu. Huzama ndani ya sponji na kukaa humo. Mtu anapofuta kitambaa na kukiona kimekauka, hudhani amemaliza kazi, kumbe alichofuta ni sehemu ndogo tu ya kilichomwagika.

Ndani ya sponji hiyo vijidudu hupata vitu vitatu wanavyovihitaji, yaani chakula, maji na joto. Jiji la Dar es Salaam lipo kando ya Bahari ya Hindi na hewa yake ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, hususan nyakati za masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Kitambaa kilicholowa ambacho kingekauka haraka katika mji wenye hewa kavu, hapa kinaweza kukaa na unyevu kwa siku nyingi iwapo gari limefungwa. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usafi wa majengo inafaa pia kwa magari: kitu kilicholowa kikauke ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo ukungu huanza kuota.

Joto nalo lina kazi yake. Harufu ni chembechembe ndogo mno zinazoruka kutoka kwenye kitu na kuingia puani, na joto huzifanya ziruke kwa wingi. Ndiyo maana gari lililoegeshwa juani mchana hunuka zaidi linapofunguliwa kuliko linavyonuka alfajiri.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba pua huzoea. Dereva anayekaa ndani ya gari lake kila siku huacha kuisikia harufu ambayo abiria huitambua mara anapofungua mlango. Kwa dereva wa teksi hili ni suala la riziki, kwa kuwa abiria wengi hawalalamiki, bali safari nyingine huita gari jingine. Njia ya kujipima ni kumwomba mtu ambaye hakupanda gari hilo siku hiyo afungue mlango na aseme anachokisikia.

Gari linaloshushwa bandarini

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani na kushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam, ambayo pia hupitisha magari yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi. Gari hilo hukaa melini kwa wiki kadhaa likiwa limefungwa, kisha huweza kukaa tena katika bandari kavu likisubiri taratibu za forodha kukamilika. Kama lilifungwa likiwa na unyevu kidogo kwenye mazulia, linapofunguliwa mara ya kwanza hutoa uvundo.

Uvundo wa namna hiyo si lazima uwe dalili ya ubovu. Gari lililofungwa muda mrefu likikaushwa vizuri hurudi katika hali yake. Kinachopaswa kumtia wasiwasi mnunuzi ni gari la zamani lenye manukato makali kupita kiasi, au lenye mazulia mapya huku vitu vingine vyote vya ndani vikiwa vimechakaa. Anayeuza gari lisilo na kasoro hana sababu ya kulimwagia chupa nzima ya pafyumu.

Japani hupatwa na mafuriko na vimbunga. Julai 2018 mvua kubwa zilifurika magharibi mwa nchi hiyo, na Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilileta mafuriko mengine makubwa. Magari yanayozama katika matukio kama hayo huweza kusafishwa na kuuzwa tena. Hata hapa kwetu yapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu mali nyingi jijini, na Bonde la Mto Msimbazi eneo la Jangwani, jirani kabisa na Kariakoo, limekuwa likifurika mara kwa mara na kufunga Barabara ya Morogoro.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye ukaguzi mfupi ufuatao. Kwanza, avute mkanda wa kiti hadi mwisho. Sehemu ya mkanda ambayo kwa kawaida hubaki imejiviringisha ndani haioshwi na watu wengi, hivyo ikiwa na alama ya matope au harufu ya uvundo, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yalifika hapo. Pili, ainue zulia la buti na kutazama mahali linapokaa tairi la akiba. Tatu, amulike kwa tochi chini ya viti na kutazama reli na boliti zake. Kutu nyingi mahali ambapo mvua haifiki ni swali linalohitaji jibu. Nne, abonyeze zulia la mbele kwa kiganja na kuona kama linatoa unyevu.

Kwa magari yaliyonunuliwa kwenye minada ya Japani, mnunuzi aombe karatasi ya mnada. Karatasi hiyo huwa na alama ya hali ya ndani ya gari, inayoandikwa kwa herufi kuanzia A na kushuka, na mara nyingine mkaguzi huongeza maelezo kuhusu harufu ya sigara, madoa au manyoya ya wanyama.

Hatua ya kwanza: Tafuta chanzo

Kabla ya kununua dawa yoyote, toa kila kitu ndani ya gari: mazulia ya kukanyagia, kava za viti, vifaa vilivyomo kwenye buti, na takataka zilizojificha kwenye mifuko ya milango. Ni jambo la kawaida kukuta chini ya kiti ganda la embe, kipande cha muhogo au chupa ya maziwa ya mtoto iliyosahauliwa. Mara nyingine kazi yote huishia hapo.

Baada ya hapo, funga gari kwa nusu saa, kisha lifungue na kunusa sehemu moja baada ya nyingine kwa karibu: kiti cha dereva, cha abiria, vya nyuma, mazulia, dari, mikanda na buti. Bonyeza kila kiti kwa nguvu ili hewa iliyo ndani ya sponji itoke. Halafu washa feni ya kiyoyozi. Harufu ikizidi feni inapowaka, chanzo hakiko kwenye viti.

Kama zulia limelowa na hakuna aliyemwaga maji, usianze kuosha. Tafuta maji yanapoingilia. Vyanzo vya kawaida ni mipira ya milango iliyochakaa, mipira ya taa za nyuma, mifereji ya maji iliyoziba majani chini ya kioo cha mbele, na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba. Kuosha kiti huku maji yakiendelea kuingia ni kazi isiyo na mwisho.

Vifaa na kanuni za kazi

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: ndoo mbili, brashi laini, vitambaa vya pamba vinavyonyonya maji, sabuni isiyo kali, siki nyeupe, bekingi soda na chupa ya kupulizia. Mashine ya kunyonya vumbi inasaidia sana, hasa ile inayoweza kunyonya maji. Bekingi soda inayozungumziwa hapa ni unga mweupe unaotumika kwenye keki. Isichanganywe na soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na kuharibu vitambaa.

Kanuni ya kwanza ni kutumia maji machache. Kiti kinachomwagiwa maji kwa mpira hupeleka uchafu chini zaidi, na kinaweza kuchukua siku kadhaa kukauka. Tumia povu la sabuni badala ya maji mengi, sugua taratibu, kisha nyonya au futa kwa kitambaa safi kabla ya kuhamia sehemu nyingine.

Kanuni ya pili ni kujaribu kila dawa mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kiti karibu na sakafu, na kusubiri pakauke ili kuona kama rangi inabadilika.

Kanuni ya tatu inahusu usalama. Chini ya viti vya mbele vya magari mengi ya kisasa hupita nyaya za umeme, zikiwemo za mifuko ya hewa na za kukazia mikanda wakati wa ajali. Aghalabu soketi za mifumo hiyo huwa na rangi ya njano. Zisiloweshwe wala kuchomolewa ovyo. Kama kiti ni lazima kitolewe, kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua kutoa waya wa betri kwanza na kusubiri dakika kadhaa.

Kanuni ya nne ni kuepuka kuchanganya dawa. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na mkojo au dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine zinazoumiza mapafu. Ndani ya gari, ambako nafasi ni finyu, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Vilevile wapo wanaotumia petroli kuondolea madoa. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na harufu yake hubaki kwenye sponji kwa muda mrefu.

Mikanda ya viti isioshwe kwa dawa ya klorini hata kidogo, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika unaweza kukatika siku ya ajali. Maji na sabuni laini vinatosha. Uvute hadi mwisho, uoshe, kisha uuzuie kwa kibanio usirudi hadi ukauke kabisa.

Shombo ya samaki

Anayetoka kununua samaki Soko la Feri, au dagaa na papa mkavu Kariakoo, anajua kwamba mfuko mmoja uliotoboka unatosha kuharibu buti. Maji ya samaki hupenya zulia na kufika kwenye ubao ulio juu ya tairi la akiba.

Shombo husababishwa zaidi na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ina tabia ya alikali. Kinachoidhibiti ni asidi. Mpishi anayemkamulia samaki ndimu kabla ya kumpika anafanya jambo hilo hilo. Kwa gari, nyonya kwanza majimaji yote, osha kwa maji baridi na sabuni, kisha pulizia mchanganyiko wa siki na maji kwa vipimo sawa. Uache kwa dakika 15 hadi 20, ufute na kukausha. Harufu ya siki huondoka yenyewe kadiri kitambaa kinavyokauka. Juisi ya ndimu haipendekezwi kwenye viti kwa kuwa inaweza kufifisha rangi na hubaki ikinata.

Siku nyingine, beba samaki ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ndoo ni nafuu kuliko zulia.

Maziwa na matapishi

Hapa kemikali ni za upande wa pili. Maziwa yaliyochacha na matapishi hunuka kwa sababu ya asidi, ikiwemo ya butiriki. Kwa hiyo kinachofaa ni bekingi soda, ambayo ni alikali nyepesi.

Kwangua na kuondoa kila kinachoonekana, ukivaa glavu. Tumia maji baridi na si ya moto, kwa kuwa joto hugandisha protini kwenye nyuzi za kitambaa. Osha kwa sabuni na kukausha kadiri inavyowezekana. Kisha nyunyiza bekingi soda kwa wingi, isukume kwa brashi iingie ndani, na uiache usiku kucha. Asubuhi inyonye kwa mashine. Maziwa yaliyozama sana huweza kuhitaji kazi hii irudiwe mara mbili au tatu.

Siki na bekingi soda visitumike kwa pamoja kwa kudhani kwamba nguvu itaongezeka. Vikichanganywa hutoa povu la kuvutia macho, lakini kila kimoja humaliza nguvu ya mwenzake.

Mkojo wa watoto na wa wanyama

Mkojo mpya hunuka kidogo. Unaponuka sana ni pale bakteria wanapokuwa wamegeuza urea kuwa amonia. Mkojo wa paka huongeza tatizo, kwa kuwa huacha chembe za asidi ya yuriki zisizoyeyuka vizuri majini, na kila unyevu unaporudi hewani harufu nayo hurudi.

Kinachofanya kazi hapa ni dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja uchafu. Zipo dawa maalumu katika maduka makubwa na ya vifaa vya mifugo. Vimeng'enya huhitaji muda na unyevu, hivyo dawa ifike kina kile kile mkojo ulichofika, iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ndipo ikaushwe. Ikipuliziwa juu tu na kufutwa papo hapo, haisaidii kitu.

Ukungu na uvundo wa mvua

Huu ndio ugonjwa mkuu wa magari ya Dar es Salaam wakati wa masika. Dirisha lililoachwa wazi usiku mmoja, au gari lililopita kwenye maji yenye kina, linatosha kuleta madoa ya kijani au meusi chini ya viti.

Ukungu usisuguliwe mkavu ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa chembe zake hutawanyika na kuvutwa na anayesafisha. Fungua milango yote, vaa barakoa na glavu, anza kwa kufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa sabuni, kisha pulizia siki au spiriti na kufuta tena. Spiriti isitumike karibu na moto wala sigara. Wenye pumu na watoto wadogo wakae mbali, kwani ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyochochea pumu.

Zulia lililolowa liinuliwe, kwani chini yake huwa kuna tabaka nene la kuzuia kelele linalohifadhi maji mithili ya godoro. Kulikausha zulia juu huku tabaka hilo limelowa ni kujidanganya. Gari liachwe juani milango ikiwa wazi, na ikiwezekana feni ya nyumbani ielekezwe ndani.

Sigara, jasho na kiyoyozi

Moshi wa sigara huacha utando wa nikotini na lami kwenye kila kitu: vioo, dashibodi, viti na hasa dari. Osha vioo na plastiki kwanza kwa maji ya sabuni, na usishangae maji yakigeuka rangi ya chai. Viti vifuate. Dari ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kwa kuwa imegandishwa kwa gundi. Ikilowa, huning'inia.

Jasho hutibiwa kwa sabuni na bekingi soda. Kwa teksi na daladala, kava za viti zinazovuliwa na kufuliwa kila wiki ni kinga bora kuliko dawa yoyote. Viti vya ngozi vifutwe kwa sabuni laini na kupakwa mafuta yake maalumu, na visiachwe juani muda mrefu kwa kuwa hupasuka.

Kiyoyozi nacho hulaumiwa kidogo kuliko kinavyostahili. Nyuma ya dashibodi kuna sehemu ya baridi ambako mvuke wa hewani hugeuka maji, na ukungu huota hapo. Magari mengi yana chujio la hewa ya ndani, ambalo katika aina nyingi za Toyota lipo nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Wapo wenye magari ambao hawajawahi kulibadilisha tangu gari liliposhuka melini. Libadilishwe, kisha dereva ajizoeze kuzima baridi na kuacha feni pekee ikizunguka kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kufika aendako, ili sehemu hiyo ikauke.

Harufu zisizotibiwa kwa sabuni

Zipo harufu ambazo mwenye gari hapaswi kuzisafisha wala kuzifunika, bali kuzitii. Harufu ya petroli inayoendelea ni dalili ya uvujaji, na gari lisiendeshwe hadi likaguliwe. Harufu ya plastiki inayoungua huashiria nyaya za umeme. Harufu tamu inayoambatana na ukungu kwenye kioo cha mbele huweza kutokana na maji ya rejeta kuvuja ndani ya dashibodi. Harufu ya yai viza huweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi, au kwenye mfumo wa moshi.

Moshi wa injini unaonusika ndani ya gari ni hatari kuliko yote. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, gesi ambayo yenyewe haina harufu wala rangi, lakini huua. Abiria akilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, simamisha gari, fungua madirisha, wote watoke nje, na asiyepata nafuu apelekwe hospitali.

Kwa sababu hiyo hiyo, desturi ya kufukiza udi kwa makaa isihamishiwe ndani ya gari. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, na gari ni chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha. Mkaa usiowashwa hauna madhara. Vipande vichache ndani ya kikapu chenye matundu hunyonya harufu kidogo, ingawa mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo hufanya vizuri zaidi.

Baadhi ya sehemu za kuoshea magari hutumia mashine za ozoni. Ozoni huweza kupunguza harufu ya sigara na ukungu, lakini ni gesi inayowasha mapafu na kuchakaza mipira. Mtu yeyote asiwe ndani mashine inapofanya kazi, na gari lipunge hewa vya kutosha kabla ya kupandwa. Aidha, mashine hiyo haiondoi maziwa yaliyo ndani ya sponji. Chanzo kikibaki, harufu hurudi.

Inapofika mwisho wa juhudi

Kama kiti kimesafishwa na kukaushwa mara tatu na bado kinanuka, huenda sponji yenyewe imeoza. Mafundi viti wapo katika sehemu nyingi za jiji, na maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala huuza viti vilivyotumika. Kubadilisha sponji ya kiti kimoja mara nyingi ni nafuu kuliko kununua dawa mwaka mzima. Kiti cha mtumba nacho kikaguliwe kwa pua kabla ya kulipiwa, na kama ni cha mbele, mnunuzi ahakikishe kwamba soketi zake zinalingana na za gari lake.

Kwa gari lililozama kwenye mafuriko hali ni tofauti. Maji yaliyofika kwenye viti yalifika pia kwenye nyaya na vifaa vya umeme vilivyo chini ya mazulia, na kutu huendelea kimya kimya kwa miezi. Hata harufu ikiisha, gari hilo likaguliwe na fundi umeme kabla ya kubebeshwa familia.

Baada ya kazi yote hiyo, gari likiwa safi na kavu, mwenye kupenda manukato anaweza kutundika yake. Wakati huo yatanukia inavyopaswa, na wala hayatahitajika mengi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva anayehitaji manukato mapya kila wiki asimtafute muuzaji mwingine kwenye foleni. Ainue zulia atazame kilicho chini yake.